Barua kwa dada yangu wa zamu ya usiku

Dada, shikamoo.

Mjomba kaliuliza tena lile swali lake: nyie manesi wa dharura mnapata wapi moyo wa kumshona mwizi? Wewe huwa humjibu. Unacheka, unamwongezea chai. Mimi sina subira hiyo, kwa hiyo namjibu hapa hadharani, yeye na wote wanaowaza kama yeye.

Kwanza, mwizi gani? Gazetini utasoma kwamba kapigwa na "wananchi wenye hasira kali", basi, habari imeisha. Wananchi hao hawana majina. Ripoti za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu zimewahi kuhesabu waliouawa hivyo kwa mamia ndani ya mwaka mmoja. Wapo walioiba kweli, simu au kuku. Wapo walioitiwa mwizi kwa sababu tu walipita usiku mtaa usiowajua. Katiba yetu ya Tanzania, Ibara ya 13(6)(b), inakataza hata aliyeshtakiwa tayari kutendewa kama mwenye hatia kabla kosa halijathibitika. Mtaani nani anaikumbuka? Kwenu mgonjwa anapewa rangi ya kuonyesha nani atangulie kutibiwa, nyekundu, njano au kijani, kwa jinsi anavyopumua na damu inavyomtoka. Aliyeporwa akakatwa panga na anayedaiwa kumpora wanaweza kulala vitanda viwili vinavyofuatana, pazia katikati, na wewe ukawahudumia wote. Ndugu wa huyu wako nje wanataka kuingia kummalizia yule. Askari kamfunga pingu kitandani, na wewe ndiye unayemwambia azilegeze kwa sababu mkono umevimba.

Ila kuna jambo ulilonieleza ambalo nadhani watu wengi hawalijui. Aliyepigwa na umati anaweza kufika hospitali akiwa anaongea, anaomba maji, mama yake anamshukuru Mungu. Kumbe misuli iliyopondwa kwa marungu inamwaga uchafu wake kwenye damu, na figo ndizo zinazoumia. Ndiyo maana mnamjaza dripu, mnamwekea mpira wa mkojo, halafu kila saa mnaenda kutazama mfuko. Mkojo ukitoka wa kahawia kama chai ya rangi, daktari anaamshwa. Bila hivyo mtu huyo huyo aliyekuwa akiongea anaweza kufa siku kadhaa baadaye, wakati mtaa uliompiga umeshasahau hata alivaa shati gani. Saa tisa usiku, mtu mzima na taaluma yake, anapima mkojo wa kijana ambaye mji mzima umeshamhukumu. Mjomba, moyo wenyewe ndio huo.

Na PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi? Viongozi wamesema mara nyingi kwamba majeruhi atibiwe kwanza, fomu ifuate. Bado kuna wanaozungushwa vituoni damu ikiwachuruzika. Wewe unaanza na damu. Ila fomu nayo si ya kudharau: daktari akiijaza ovyo, kesi inakufa, maana miezi baadaye ataitwa kuieleza mahakama jeraha lilikuwa la kitu chenye ncha kali au butu.

Tarehe 12 Mei, Siku ya Wauguzi, mtawashiwa mishumaa, mtasomewa risala, mtavaa fulana mpya. Siibezi fulana. Lakini risala zote nilizosikia zinasifu huruma kwa mafungu, wala hazitaji ndugu wenye mapanga mlangoni. Ningeandika mimi, ningeomba mambo mawili tu: mlinzi wa kweli kwenye mlango wa dharura, si mzee wa watu mwenye tochi, na mtu wa kuwasikiliza nyie zamu inapoisha, hasa usiku ambao aliyeletwa alikuwa amemwagiwa petroli. Ulishaniambia hilo la pili halipo kwenu. Mnavua sare, mnapanda daladala, mnaenda kuwapikia watoto uji. Nimeliandika ili mganga mfawidhi yeyote atakayepita hapa asiseme hakuambiwa.

Wasalimie wenzako wa zamu.

Mdogo wako