Kadi mbili katika mfuko mmoja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nitoe jambo ambalo limenikaa moyoni tangu uchaguzi wa kwanza niliofanyia kazi. Nilikuwa karani mwongozaji: nasimama mlangoni, napanga foleni, naangalia kama mtu amekuja na kadi yake na kama kituo ndicho chake. Mnamo saa nne asubuhi wakafika bwana mmoja na mkewe. Nilipoomba kadi, bwana akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati akatoa zote mbili, zimefungwa pamoja kwa mpira. Yake akabaki nayo, ya mkewe akanipa mimi. Mama yule hakuishika hata kidogo.

Walipofika kwa msimamizi wa kituo, bwana akasema, "Huyu hajui kusoma, nitampigia mimi." Foleni ilikuwa ndefu, jua linapanda, msimamizi akaitikia kwa kichwa. Wakaingia kituturini, pale pa kupigia kura kwa siri, wote wawili. Nilisikia sauti ya mtu mmoja tu mle ndani. Walipotoka, mama akachovya kidole kwenye wino, akakitazama kidogo, na mumewe akaichukua ile kadi akairudisha mfukoni. Kwenye daftari jina la mama likawekewa alama kwamba amepiga kura.

Mimi niliona yote nikanyamaza. Nilikuwa karani tu, sikutaka kumkosoa mkubwa wangu mbele ya mawakala wa vyama. Hilo bado linaniuma.

Nalisema leo kwa sababu kila uchaguzi ukikaribia, magazeti yanatuonyesha picha za foleni za akina mama na kutuambia kuwa wanawake wamejitokeza kwa wingi. Ni habari njema, sipingi. Lakini foleni inaishia mlangoni, na mimi najua kinachoweza kutokea hatua tano baada ya mlango.

Tukumbuke wanawake walinyimwa kura kwa hoja gani. Ilisemwa kwamba mume akipiga kura amepiga kwa niaba ya nyumba nzima. Ukimpa na mke, ama umemwongezea mume kura ya pili, ama umeingiza ugomvi chumbani. Hoja hiyo ilizunguka katika mabunge mengi kwa miaka mingi, na hata waliposhindwa, watetezi wake walikubali nusunusu. Uingereza ilipowapa wanawake kura mwaka 1918, ilimtaka mwanamke awe ametimiza miaka 30, ilhali mwanamume wa kawaida alihitaji miaka 21 tu. Tena wengi wao ilibidi wao wenyewe au waume zao wawe na nyumba au ardhi inayotambuliwa. Maana yake mke aliweza kuipata kura kwa kupitia mlango wa mumewe. Usawa kamili ulikuja mwaka 1928.

New Zealand ilitangulia nchi zote kuwapa wanawake kura, mwaka 1893. Kate Sheppard, aliyeongoza madai hayo, na wenzake walikusanya saini mwaka baada ya mwaka, na mwaka huohuo wakapeleka ombi lenye karatasi zilizogundishwa moja kwa nyingine, zikazungushwa kwenye kipande cha mpini wa ufagio. Mbunge John Hall aliliachia lile bunda likakunjuka katikati ya ukumbi wa bunge mpaka likagonga ukuta wa mwisho. Nilipokuwa mwalimu nilipenda kuwasimulia wanafunzi kisa hiki, na kila mara wasichana waliniuliza swali lilelile: je, hao wanawake waliingia bungeni? Hawakuingia. Waliruhusiwa kugombea mwaka 1919, na wa kwanza kuchaguliwa, Elizabeth McCombs, alipatikana mwaka 1933. Miaka 40 walikuwa wapiga kura wa kuwachagua wanaume. Finland ilitoa haki zote mbili kwa pamoja, kupiga na kupigiwa, mwaka 1906, na uchaguzi uliofuata wanawake 19 wakaketi bungeni.

Ila mfano unaonigusa zaidi ni wa Uswisi. Wanaume wa nchi ile waliulizwa mwaka 1959 kama wanawake wapige kura katika mambo ya taifa, wakakataa. Wakakubali mwaka 1971. Hata hivyo jimbo dogo la Appenzell Innerrhoden liliendelea kuwafungia wanawake wake katika mambo ya jimbo. Huko watu hupiga kura uwanjani, hadharani, kwa kunyoosha mikono. Aprili 1990 wanaume walinyoosha mikono tena kukataa, na ikabidi mahakama kuu ya nchi iwalazimishe Novemba mwaka huohuo. Mimi hujiuliza ni wangapi pale uwanjani walikuwa tayari kuwakubalia wake zao na mama zao, lakini jirani alikuwa pembeni anaangalia mkono.

Kama mwanamume mwenye haki zote anaweza kubanwa na macho ya jirani, mwanamke anayelala nyumba moja na yule anayetaka kumwamulia atabanwa kiasi gani? Ndiyo maana nasema kituturi ni haki ya mwanamke kwa namna ya pekee. Azimio la Haki za Binadamu la mwaka 1948 linataja kura ya siri, na siri hiyo haikuwekwa kwa ajili ya vyama peke yake. Sheria za uchaguzi za nchi nyingi humruhusu asiyesoma au asiyeona asaidiwe na mtu anayemchagua yeye mwenyewe. Neno "anayemchagua" ndilo linalorukwa. Msaidizi hujiteua, na watumishi wa kituo humpisha kwa kuwa ni mume. Na siku hizi wapo wanaoagizwa na waume au wakwe wapige picha ya karatasi kwa simu, waje waonyeshe nyumbani. Simu ikiachwa iingie kituturini, mume ameingia nayo.

Uchaguzi uliofuata nilipewa usimamizi wa kituo. Akaja bwana mwingine, maneno ni yaleyale, karibu neno kwa neno. Nikamwomba asubiri pembeni, nikamgeukia mkewe. "Mama, ungependa nani akusaidie?" Akanitazama, akamtazama mumewe, akainamisha kichwa. Nikarudia swali polepole. Akajibu kwa sauti ya chini sana, "Najua kusoma." Nikamkabidhi karatasi yake mkononi. Alikaa mle ndani muda mrefu kuliko mtu yeyote siku ile, na watu wa nyuma wakaanza kunung'unika. Nikawaambia wasubiri.

Swali lile lilinichukua sekunde chache tu. Ningefurahi kuona kila msimamizi anafundishwa kuliuliza, tena amuulize mwanamke mwenyewe, mumewe akiwa mbali kidogo.

Nina ombi pia kwa waandishi wenu. Duniani kote wanawake ni robo na ushei tu ya wabunge, ingawa Rwanda imeonyesha kuwa wanaweza kuvuka asilimia 60. Mwanamke akigombea, nasoma mahojiano anaulizwa nani anabaki na watoto na mumewe anasemaje. Hoja ya 1918 hiyo, imerudi na kalamu mpya. Muulizeni kuhusu maji, shule na bajeti, kama mnavyomuuliza mpinzani wake, na msomaji ataweza kumpima.

Na wiki ya uchaguzi, tafadhali, wekeni ukurasa wa kwanza maneno machache kwa herufi kubwa, mepesi kiasi kwamba mtoto wa shule anaweza kumsomea mama yake jikoni: kadi yako ikae kwako, ndani unaingia peke yako, ukihitaji msaada, msaidizi unamchagua wewe, na hakuna mtu, awe mume, baba mkwe au kiongozi, mwenye haki ya kujua umemchagua nani.

Wako,
Mwalimu mstaafu na msomaji wenu wa siku nyingi