Filamu zetu hukwama kwenye tafsiri kabla ya kufika kwa majaji

Ndugu Mhariri,

Kila Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar (ZIFF) linapokwisha na tuzo yake kuu, Jahazi la Dhahabu, ikaenda nje, husikika lawama ileile: Kiswahili hakipendwi. Naomba nafasi kulipinga hilo. Filamu ya Vuta N'Kuvute inazungumza Kiswahili, na mwaka 2021 ilichaguliwa kuonyeshwa katika tamasha la Toronto. Lugha haikuizuia. Zinazobaki nje mara nyingi huangushwa na kazi ya baada ya kamera kuzimwa, hasa maandishi ya tafsiri yanayopita chini ya picha.

Kabla ya jopo la majaji kuna wachujaji. Hao hutazama filamu nyingi mfululizo kwenye kompyuta, kwa kiungo cha intaneti chenye neno la siri. Asiyejua Kiswahili hana mazungumzo mengine zaidi ya yale maandishi. Mhusika akisema "tuonane saa mbili usiku" na mfasiri akaandika "2 a.m.", yaani saa nane za usiku kwa hesabu yetu, kwa sababu ameiona namba mbili akaihamisha ilivyo, basi miadi ya baada ya isha imekuwa ya usiku wa manane. Binti anayeaga kwao kwa heshima anaonekana anatoroka. Hadithi imeharibika na hakuna aliyejua. Vivyo hivyo kwa mzee "aliyekula chumvi nyingi": programu ya tafsiri humpa mgeni habari ya chumvi, umri ukapotea. Na "shikamoo" isiachwe bila kitu, maana mara nyingi ndiyo inayoonyesha nani mkubwa kwa nani.

Vipimo vya maandishi hayo vinajulikana. Mistari isizidi miwili, kila mmoja herufi zisizozidi 42 pamoja na nafasi. Msomaji wa kawaida humudu herufi kama 17 kwa sekunde, kwa hiyo mistari miwili iliyojaa inahitaji sekunde 5 kwenye skrini. Wahusika wetu husema haraka kuliko hapo. Mfasiri afupishe, asijaribu kubeba kila neno. Maandishi yasikae chini ya sekunde moja. Baada ya hapo atafutwe mtu asiyejua Kiswahili, aitazame filamu yote, kisha asimulie alichoelewa. Hakuna kipimo kizuri kuliko hicho, na gharama yake ni chai.

Kosa jingine hutokea wakati wa kutengeneza nakala ya ukumbini, yaani faili la kidijitali liitwalo DCP. Kazi nyingi huku huhaririwa kwa picha 25 kwa sekunde, wakati mwendo wa sinema uliozoeleka ni 24. Filamu ya dakika 90 ikipunguzwa mwendo kufikia 24 inakuwa ya karibu dakika 94. Faili la maandishi lisiporekebishwa pamoja nayo, kufikia mwisho wa saa ya kwanza maandishi yanatangulia maneno kwa dakika mbili na nusu: mtu anajibiwa kabla hajauliza. Kwa waliopiga picha kwa simu tatizo ni kubwa zaidi, maana simu nyingi hubadili mwendo zenyewe katikati ya tukio. Ufungwe kwenye mwendo mmoja tangu siku ya kwanza. Ukishapata DCP, itazame yote ukumbini, dakika ya kwanza hadi ya mwisho. Kutazama mwanzo tu hakutoshi, kwa sababu mwachano huo huanza kidogo kidogo. Na kama huna sababu nzito, usiifunge kwa ufunguo wa siri: ufunguo hutolewa kwa mashine fulani na kwa muda fulani, ratiba ikisogezwa filamu haifunguki.

Sauti nayo. Ngome Kongwe, ambako filamu za ZIFF zimekuwa zikionyeshwa, ni uwanja wa wazi, jirani na Forodhani. Maneno yaliyorekodiwa kwa maikrofoni ya kamera kutoka mita nne humezwa. Maikrofoni iwe karibu na kinywa cha msemaji, jenereta likae nyuma ya jengo jingine kwa waya mrefu, na kila eneo lirekodiwe sekunde 60 za ukimya wake, watu wote wametulia. Bila ukimya huo, mhariri akikata sentensi, mvumo wa nyuma unakatika na kurudi kila mtu anapofungua mdomo. Matukio ya usiku yasisahihishwe rangi kwa kutazama simu iliyoongezwa mwanga hadi mwisho. Kwenye skrini kubwa nyuso zitamezwa na giza.

Yapo pia ya makaratasi. Wimbo unahitaji ruhusa mbili za maandishi, ya mtunzi na ya mwenye rekodi, na kufahamiana na msanii si ruhusa. Filamu fupi inayolenga shindano la tamasha la Cannes, Ufaransa, haizidi dakika 15, majina ya mwisho yakiwamo, na Cannes haipokei iliyokwisha kuwekwa kwenye intaneti. Basi kuipandisha YouTube kwa ajili ya watazamaji wa wiki moja kunaweza kufunga milango ya mwaka mzima. Ule mtindo wa kuikata hadithi sehemu ya kwanza na ya pili ulifaa soko la DVD. Shindanoni nusu ya hadithi haina pa kwenda.

Ninachoomba kwa waandaaji wa matamasha yetu ni kimoja: filamu inayokataliwa kwa sababu ya sauti, maandishi au nakala mbovu, mwenyewe aambiwe hivyo, hata kwa mstari mmoja. Na watayarishaji watenge fedha ya mfasiri na ya mtu wa sauti kabla ya kukodi kamera, kwa maana zikisubiri mwisho huwa zimekwisha.

Mfasiri wa filamu,
Unguja