Somo, usiulize bei, hesabu fungu

Ngamiani, Tanga
9 Juni 2025

Somo yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Huku wote wazima, tunamshukuru Mungu. Masika yameisha, kusi limeanza kuvuma, na mama anakusalimu sana. Anauliza kama bado unakula ndimu kwa chumvi. Nimemwambia siku hizi wewe ni mtu mzima una watoto watatu, akasema hayo hayahusiani.

Swali lako nimelipata. Unataka kujua mje mwezi gani ili watoto wale embe, machungwa, fenesi, zambarau na mapeasi ya Lushoto kwa safari moja. Mwezi huo haupo, somo. Atakayekwambia upo, jua ana chake anachotaka kukuuzia.

Najua ni Muscat, huko Omani unakoishi, iliyokuzoesha hivyo, maana duka la huko halijui Januari wala Julai. Lakini hata huko misimu ipo, ni nyie tu mnaoipita na toroli. Wewe mwenyewe uliwahi kuniambia rutab ya Julai, tende laini iliyotoka mtini, na tende ya boksi ni vitu viwili tofauti. Na zile embe za Batina unazozisifia, zikishapita Mei na Juni unasubiri mwaka mwingine. Basi na kwetu ni hivyohivyo, tofauti ni kwamba huku hatuna la kutuziba macho. Kisichokuwapo sokoni hakipo.

Tabu yako kubwa ni likizo ya shule. Hiyo ndefu ya Juni hadi Agosti inakuja wakati miembe yetu ndiyo kwanza inatoa maua. Kila mkija, watoto wanaukuta mwembe wa babu yao hauna kitu, wanacheza chini yake, wanarudi. Nina hakika yule mdogo anaamini ni mti wa kivuli. Mwaka mwingine zinatokea embe chache za katikati ya mwaka, lakini hizo usizipangie safari.

Sasa mkija miezi hii, kuleni machungwa na msilalamike. Ndiyo msimu wenyewe wa Muheza, na machenza nayo yapo. Jambo moja uwaeleze watoto kabla hawajafika, wasije wakanitia aibu mbele ya watu: chungwa la Muheza linaiva likiwa la kijani. Ganda hugeuka rangi likipata baridi ya usiku, na sisi huku pwani baridi hiyo tunaisikia redioni tu. Kwa hiyo rangi isikutishe wala isikuvute. Lishike mkononi ulipime. La maji lina uzito kuliko linavyoonekana, na ganda lake ni laini, jembamba, linang'aa kidogo. Lililo jepesi limekauka ndani, hata liwe kubwa namna gani. Halafu mwachie muuzaji alimenye mwenyewe kwa kile kisu chake, ganda litoke utepe mmoja mrefu bila kukatika, akate kichwa akupe unyonye. Wanao watakaa pale nusu saa wakimtazama.

Usishangae pia ukifika sokoni kwetu Mgandini ukakuta machungwa ya kawaida tu, na Muheza na Tanga ni pua na mdomo. Shamba lina wenyewe kabla hujafika. Dalali anapita mapema, mti bado una maua au vichungwa vichanga, anakisia, analipa, na msimu ukifika mkulima hana lake tena. Malori yanapakia yanakwenda Dar, mengine yanatokea Horohoro yanaingia Kenya. Mkulima amepata pesa ya ada na ya dawa wakati alipokuwa hana kitu, siwezi kumlaumu, lakini faida inaliwa na mwingine. Kwa hiyo ukitaka machungwa hasa, twende Muheza kwenyewe asubuhi, tununue kiroba. Kuna na Valensia ya kuchelewa ambayo inaendelea kupatikana hadi karibu na mwisho wa mwaka.

Sasa nikufundishe kitu, maana mara ya mwisho nilikuona pale sokoni unauliza bei kila meza. Usiulize bei, hesabu fungu. Nyanya ni fungu la shilingi 500 leo, na mwezi ujao ni fungu la shilingi 500. Kinachobadilika ni idadi. Wakati wa neema unapewa nyanya nane au tisa zimepangwa mpaka zinataka kuporomoka, na nyongeza unaongezwa bila kuomba. Aprili fungu hilohilo ni vinyanya vitatu, kimoja kimebonyea, na ukisema "niongeze basi" unatazamwa kama umemtukana mtu. Muuzaji hakupandishii bei, anakupunguzia fungu, na wote mnajua. Ukipita meza tatu ukahesabu mafungu, umeshaujua msimu kuliko mtu yeyote atakayekueleza.

Kwa nini nyanya hasa? Kwa sababu mvua haiipendi nyanya. Masika ukungu unashika majani, shamba zima linakauka kwa siku chache, na mkulima asiye na pesa ya dawa anaangalia tu. Zile zilizosalimika kule Lushoto ziteremke Mombo kwa ile barabara ya Soni, na mvua ikizidi udongo unaporomoka njiani, gari linalala. Nyanya haisubiri gari. Ikifika hapa tenga zima, chini ni rojo. Kuanzia Julai kwenda Oktoba ndiyo unapumua. Wakati huo mimi nanunua ndoo nzima, nasaga, nachemsha mpaka maji yaishe, natia kwenye vikopo, naweka kwenye friza. Masika yakija sina habari na mtu.

Lakini mvua hiyohiyo inayoiua nyanya ndiyo inayotupa mboga. Aprili na Mei mchicha, mlenda, majani ya kunde na majani ya maboga yanajaa mpaka wauzaji wanagombea wateja. Wanaolalamika kwamba masika sokoni hakuna kitu ni wale wasiojua kupika bila nyanya nne na hoho. Chukua majani ya maboga, menya zile nyuzi za mashina, tia tui na ndimu, halafu uniambie hakuna kitu. Januari na Februari ndiyo mboga inakuwa shida: mchicha mfupi, umeshatoa maua, mchungu. Hapo tunarudi kwenye kisamvu, maana muhogo hausumbuliwi na jua.

Ukinunua mchicha usitazame majani. Majani yananyunyiziwa maji kila saa, yataonekana mabichi hadi magharibi. Geuza fungu uangalie mizizi. Ule uliong'olewa alfajiri mizizi yake ni myeupe na udongo bado umeshikana. Uliolala una mizizi ya kahawia iliyosinyaa, na ukiukunja shina halikatiki kwa mlio, linapinda. Jioni ndiyo saa ya kuokota bei, wanataka kurudi nyumbani, fungu mbili unapewa kwa bei ya moja. Nyanya za kupika usiku huohuo, sawa. Mchicha wa jioni mimi simo.

Tuje kwenye Desemba, maana najua ndiko moyo wako uliko. Kuanzia Novemba mpaka Januari, Februari ikijaliwa, ndiyo embe. Bolibo, dodo, sikio la punda, zile ndogo za nyuzi ambazo watoto wanafyonza mpaka kokwa inakuwa nyeupe. Nanasi zimeshuka bei, mafenesi yapo, zambarau zinakuja watoto wa mtaa wote ndimi za rangi ya wino. Na Lushoto, kati ya Desemba na Februari, ndiyo wanateremsha mapeasi na mafyulisi. Ukitaka karibu orodha yako yote, ni hapo, toa machungwa ya Muheza yaliyo katika ubora wake. Joto ni kali, nauli ya ndege ni kali zaidi, lakini hayo unayajua.

Ila usije Novemba mwanzoni ukadhani umewahi. Wa mwanzo wanapata bei nzuri, kwa hiyo embe inachumwa haijakomaa, inavundikwa, na wengine wanaharakisha kwa kabaidi, ile kemikali ya kuivishia. Nje inakuwa njano ya kupendeza, ukiikata karibu na kokwa ni nyeupe na ngumu, ladha hakuna. Mimi nafanya hivi: naipeleka puani upande wa kikonyo. Embe iliyoivia mtini au iliyovundikwa ikiwa imekomaa inanukia pale hata kabla hujaimenya. Isiyonukia, iache ilivyo, usimwonee haya muuzaji. Pia tazama mabega yake, pale pande mbili za kikonyo. Embe iliyokomaa imejaa, mabega yamepanda kuzidi kikonyo. Iliyochumwa changa imeteremka.

Na mwishoni mwa msimu kuna funza. Wewe ulipoondoka hatukuwa na tatizo hili kiasi hiki. Kuna nzi wa matunda kutoka Asia, alionekana Kenya mwaka 2003 na haukupita muda akawa kila mahali. Anatoboa embe ikiwa bado mtini, anataga ndani ya ganda, na mayai yanaanguliwa funza humohumo. Ukiona kitundu kidogo kinachotoa utomvu, na ukibonyeza pembeni yake pamelainika peke yake, hiyo ni ya mbuzi. Za kati ya msimu, Desemba kwenda Januari, huwa salama zaidi kuliko za mwisho. Zilizoangukia chini zisiachwe shambani, zizikwe, lakini nani anazika? Nimewaambia vijana wa shamba la babu mpaka nimechoka.

Umeuliza pia kuhusu Ramadhani, kama mwakani mje mfuturu na sisi. Karibuni, lakini usifuate matunda. Mwaka huu ilituangukia Machi, embe zimekwisha na machungwa hayajaanza. Futari ilikuwa tikiti, papai na ndizi mbivu, na kila mtu anataka hizohizo kwa wakati mmoja, kwa hiyo fungu la ndizi lilisinyaa kila wiki. Mwakani itaanza Februari, unaweza kubahatisha embe za mwisho. Lakini kila mwaka inarudi nyuma kama siku 11, na Mungu akitupa uhai, mwaka 2030 itaanza mapema Januari, katikati ya embe. Unaikumbuka ile ya Januari 1998, mvua za El Niño? Maji yamejaa uani, embe zinaanguka usiku kucha, na sisi tumefunga, tunaziokota kwenye ndoo kwa ajili ya magharibi. Bibi alikuwa anazihesabu mlangoni, anajua kabisa kuna zinazopungua njiani.

Kwa hiyo ushauri wangu, kama unautaka. Mwaka huu njooni Agosti kama mlivyopanga, tule machungwa, nyanya za bei ya kawaida, tufanye kazi ya kujaza friza. Halafu mara moja tu, kabla yule mkubwa hajafika darasa la mitihani, watoe shule wiki mbili mwisho wa Desemba uwalete. Shemeji atanuna, utamtuliza. Wakwee mwembe wenyewe, wavune, waumwe na sungusungu, wapate upele wa utomvu midomoni. Hayo huwezi kuwapelekea kwenye sanduku.

Ila niambie kabla ya Septemba. Kuna dalali ameshakuja mara mbili kuutazama ule mdodo mkubwa wa nyuma ya kisima, na mjomba ana haraka ya pesa. Nikijua mnakuja, mti ule nitawawekea mimi, nimpe mjomba chochote kitakachomridhisha. Bila hivyo utauzwa ungali na maua, na mkifika tutakuwa tunanunua embe zetu wenyewe Mgandini kwa fungu.

Mama anataka halua ile ya zafarani, si ya boksi. Mimi niletee ndimu kavu, robo kilo inatosha, zile nyeusi.

Msalimie shemeji na watoto wote.

Wako,
Somo