Nani aamue? Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Huduma za Mifugo, Kaunti ya Nakuru

Daktari,

Salamu kutoka Lanet. Hatujawahi kuonana. Mimi ni mama mjane ninayelea wanyama waliotupwa, katika nusu ekari aliyoniachia marehemu mume wangu. Leo alfajiri nimehesabu mbwa 41, paka 17 na punda mmoja. Watoto wa mtaa wananiita Mama Mbwa, na wazazi wao wananiita hivyo hivyo wanapobisha langoni usiku wakiwa na gunia linalotikisika.

Sikuandikii kushtaki ofisi yoyote, na leo siombi pesa. Nakuandikia kwa sababu ndani ya kazi hii kuna kazi nyingine ambayo sijapata wa kunipokea. Ni kazi ya kuamua. Nani aingie na nani arudi alikotoka. Nani atibiwe na nani achomwe sindano ya mwisho. Nimeifanya kwa miaka tisa, na mwaka huu imenielemea.

Watu wakiniuliza navumiliaje, huwa wanawazia chakula na uvundo. Uvundo huzoeleka. Chakula kinasumbua, lakini kina dawa: naamka saa kumi na moja, nabandika sufuria kubwa, natia mapafu na vichwa vya kuku kutoka kichinjioni, nakoroga unga, na kufikia saa moja kila mmoja amekula. Ningepewa kupika tu, ningepika hadi uzee wangu.

Masika ya mwaka jana, vijana wanaookota taka kwenye jalala la Gioto waliniletea watoto wa mbwa tisa ndani ya katoni ya ndizi. Walikuwa wamewafunika kwa shati la mmoja wao, na walikuja kwa miguu kutoka kule Menengai hadi kwangu. Siku ya pili watoto wakaanza kutapika. Ya tatu wakaharisha damu, na harufu ile ya parvo, ugonjwa wa kirusi unaoua watoto wa mbwa, ukishainusa mara moja huhitaji kuambiwa tena. Daktari kijana anayenisaidia alifika saa tatu usiku. Vile visindano vyembamba vya kuingizia dripu kwenye mshipa wa mtoto wa mbwa alikuwa amebaki navyo viwili, na maduka ya dawa za mifugo yalikuwa yamefungwa. Waliobaki tungewadunga maji chini ya ngozi, na wewe unajua kuliko mimi kwamba aliyekwisha kukauka mwili hayamfai sana.

Akaniuliza, "Mama, tuwawekee wepi?"

Niliwachagua waliokuwa bado wanainua vichwa. Tukafunga dripu ya kwanza, tukafunga ya pili. Nilipogeuka kuchukua kitambaa, mmoja wa wale saba akainua kichwa akanitazama.

Alikufa kabla ya adhana ya alfajiri. Kati ya tisa alipona mmoja. Wala mambo hayakuishia hapo, kwani kirusi cha parvo hukaa kwenye udongo kwa miezi, hata kufikia mwaka. Sakafu ya saruji nilimwagia Jik, lakini ua hauoshwi kwa Jik. Kwa miezi minane sikupokea mtoto wa mbwa hata mmoja, maana kumpokea kungekuwa kumuua. Mtu anafika na kitoto mkononi, mvua inanyesha, namwambia hapana. Wengine walikiacha hapo hapo nje ya lango wakaenda. Nilikuwa nakisikia kikilia nikiwa jikoni.

Punda niliye naye alikuja kwangu kwa ajali. Yeye na mwenzake walikuwa wakivuta mkokoteni mmoja wa maji, lori likawagonga kwenye barabara kuu karibu na mtaa wa Pipeline, saa mbili usiku. Mwenye mkokoteni alivunjika mkono akapelekwa hospitali. Huyu wangu alikuwa ameumia bega. Mwenzake alivunjika miguu yote miwili ya nyuma, mfupa nje. Nilifika saa nne kwa bodaboda. Dawa ya kumlaza mnyama kwa amani si ya mtu kama mimi kuwa nayo. Huwa mikononi mwa daktari aliyesajiliwa, na ni sawa iwe hivyo. Lakini daktari wangu alikuwa amesafiri kwao Busia kwa mazishi. Nilipiga kila namba niliyokuwa nayo. Sitataja zilikuwa za nani. Hakuna aliyeajiriwa kuipokea simu kama ile saa ile, hilo ndilo jambo lenyewe.

Kijana mmoja alitoka mtaani na shoka. Akaniuliza kwa heshima kabisa, "Mama, nimmalize?"

Nilisema hapana. Niliogopa angekosea pigo la kwanza. Nikakaa chini kando ya lami, nikamwekea punda kichwa chake juu ya kanga yangu, na nikakaa naye hadi saa kumi na moja alipokata roho. Mwenzake tulikuwa tumemfunga kwenye nguzo hatua chache kutoka pale, na muda wote ule hakula majani tuliyomwekea. Tangu usiku ule sijui kama nilisema hapana kwa ajili ya punda au kwa ajili yangu mwenyewe, ili nisiwe niliyeamuru. Nimejiuliza hilo nikiwa kanisani, nikiwa sokoni, nikiwa nimelala.

Nilikuwa na msaidizi, kijana wa miaka ishirini na miwili, mpole, mwenye mkono wa wanyama. Ndiye aliyekuwa akiwashika. Sindano ile inapochomwa lazima mtu amshike mnyama, na mnyama hutulia kwa yule anayemwamini. Kwa hiyo anayependwa zaidi ndiye hupewa kazi ya kushika. Sikuwahi kulifikiria hilo hadi Jumatatu moja tulipokuwa na watatu wa kulazwa, wawili wakiwa na uvimbe wa sehemu za siri uliokwisha kuwala mwili, na mmoja mzee. Tulipofika kwa yule mzee, mbwa aliyekuwa akimfuata kijana huyo kila asubuhi alipobeba ndoo, kijana aliniuliza, "Mama, na huyu naye?" Akamshika. Alipomaliza aliosha vizimba vyote, akaosha gambuti zake, akaziacha zimesimama wima langoni. Hakurudi. Siku hizi anaosha magari Free Area. Tukikutana ananisalimia vizuri, ananiuliza kuhusu afya yangu na watoto wangu, lakini mbwa hawataji.

Kwangu mimi dalili zilikuja polepole. Simu ikilia baada ya magharibi, mikono inanitetemeka kabla sijaishika. Jirani alikuja kunieleza kwamba mbwa niliyempa amekufa, mzee wa watu anajifuta machozi, nami nikamuuliza kama lile bakuli bado lipo. Sikumpa pole. Nilikuja kugundua usiku, nikiwa nimelala, kwamba sikumpa pole. Na binti yangu alipokuja Desemba aliniambia, "Mama, siku hizi hata wajukuu unawatazama kama unawahesabu."

Jambo hili lina jina. Mwaka 1992 muuguzi wa Marekani, Carla Joinson, aliandika kuhusu wauguzi waliochoka mahali ambapo huruma hutoka, na tangu hapo wataalamu wameliita uchovu wa huruma. Si uvivu wala si kukosa imani. Ni mtu kutoa na kutoa hadi ndani pakakauka, huku mikono ikiendelea kufanya kazi. Kwa wanaolea na pia kuua wale wale wanaowalea, mzigo huwa na upande wa pili, wa dhamiri. Nyinyi madaktari mnaujua. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2019, uliopitia vifo vya madaktari wa mifugo wa huko kuanzia 1979 hadi 2015, uliona kwamba wanawake wa taaluma hiyo walikuwa na uwezekano wa kujiua mara 3.5 kuliko watu wa kawaida, na wanaume mara 2.1. Nilipousoma nilimpigia yule daktari wangu kijana nikamuuliza, hujambo kweli? Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mama, wewe ndiye mtu wa kwanza kuniuliza."

Najua wanaosema kwamba watu wana njaa na mimi nalisha mbwa. Wamo hata katika jumuiya yangu ya kanisa. Siwachukii, na sidhani wananichukia. Ila mbwa wa jalala na mtoto wa mtaa hukanyaga njia moja. Mwaka juzi mbwa mmoja alimuuma kijana wa darasa la tano mguuni. Mama yake aliosha kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, kama inavyotakiwa, akampeleka kuanza chanjo. Baba alitaka mbwa auawe jioni ile. Nilimwomba aniachie siku 10, kwa sababu mbwa akizimaliza akiwa hai na mzima, basi siku aliyouma hakuwa na kirusi cha kichaa cha mbwa kwenye mate yake, na familia inapata kulala. Nilimfungia peke yake. Kila asubuhi nilichuchumaa mbali na kizimba nikimtazama akimeza maji, kama koo linakubali, kama taya linalegea. Siku ya 10 alibweka akinitaka nimfungulie. Kijana alikuja mwenyewe kumwona, akasimama nyuma ya baba yake, akasema, "Kumbe ni mzima." Leo yule mbwa analinda bohari la mbao.

Siku zile 10, Daktari, nilikuwa peke yangu na maisha ya mtoto wa mtu. Sina cheti chochote cha tiba ya wanyama.

Nchi yetu iliweka mkakati mwaka 2014 wa kumaliza vifo vya binadamu vya kichaa cha mbwa ifikapo 2030. Njia inajulikana: kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa, mwaka baada ya mwaka. Hakuna anayeweza kuchanja mbwa wa mtaani kama si wale wanaojua wanalala wapi, na sisi tunajua. Na mbwa jike hubeba mimba siku 63 tu, mara mbili kwa mwaka akijaliwa afya. Kila jike anayefungwa kizazi Kaptembwa au Rhonda ananipunguzia magunia langoni, na kila gunia lililopungua ni hukumu moja ambayo sitalazimika kuitoa.

Nimeisoma Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili, kazi za kaunti. Ya sita ni udhibiti na ustawi wa wanyama, ikiwemo leseni za mbwa, na mahali pa kuwaweka wanyama, kuwatunza na kuwazika. Nilisimama kwenye neno hilo la mwisho. Kuwazika. Walioiandika walikumbuka hata kaburi. Mimi wangu nawazika chini ya miparachichi, upande wa ua wa nyuma, na mwaka huu jembe limeanza kugonga mifupa ya wa zamani. Mara mbili nimefukia upya na kuchimba pengine. Mara ya pili nilitambua ni nani, kwa ajili ya kola.

Ninachokuomba hakihitaji jengo la kifahari. Naomba namba moja ya simu, yenye daktari wa zamu usiku, aliye na dawa na mamlaka ya kuja kando ya barabara akasema, huyu hapana, huyu ndiyo. Naomba kipande cha ardhi ya kaunti cha kuwazikia. Naomba kampeni ya chanjo na kufunga vizazi itangaziwe tarehe mapema, ili tuwakusanye mbwa na kuwafunga kamba kabla gari halijafika. Na naomba mara moja kwa mwezi utukutanishe, sisi wenye vibanda hivi, madaktari vijana na wasaidizi wanaoshika, pamoja na mshauri nasaha, katika chumba chochote chenye viti. Ningemtafuta yule kijana wa Free Area nimwombe aje. Nadhani angekuja kama mwaliko ungetoka kwako, si kwangu.

Ukiona haya ni mengi kwa mwaka mmoja, anza na namba ya simu. Nitaendelea kupika, kuosha na kuwapokea. Sitaki kuondolewa kazi. Nataka tu nisiwe mlango wa mwisho na hakimu na mchimba kaburi, mimi mmoja, saa nane za usiku.

Jumamosi niko nyumbani kutwa. Ukipita kambi ya jeshi, uliza kwa Mama Mbwa, yeyote atakuonyesha. Ni lango la bluu. Ukifika tafadhali usipige honi, bisha tu. Yule punda bado hushtuka.

Wako kwa heshima,

Mlezi wa wanyama, Lanet, Nakuru