Kambi ya Marangu: tujipange na baridi ya Julai

Wapendwa, habari za jioni. Jumamosi tunaondoka stendi ya Moshi saa 3 asubuhi. Hema letu ni lile kubwa la duara, mfano wa nyumba za wafugaji wa Mongolia. Zao hufunikwa sufi ya kondoo iliyoshindiliwa; letu ni turubai tupu, kwa hiyo joto tutaenda nalo wenyewe.

Baridi kali ya usiku hutoka chini. Kila familia ije na mkeka na godoro, na blanketi la kutandika msilisahau kwa kufikiria la kujifunika tu. Watoto wabadilishwe nguo zote kabla ya kulala, hata soksi, maana jasho la mchana ndilo linalowatetemesha alfajiri. Chupa ya maji ya moto, ifungwe vizuri na kuviringishwa kitenge, iwekwe miguuni.

Hili naomba tusibishane: jiko la mkaa haliingii hemani, hata likibaki na kaa mbili. Hewa yake ya sumu haina harufu, na aliyelala hatajua. Moto tutaota nje, na uji wa tangawizi utakuwepo.

Wenye vichanga nipigieni leo, niwapangie upande usio na upepo.