Kwa Bakari, kuhusu usukani wa boti

Dar es Salaam

Ndugu yangu Bakari,

Asalaam aleikum. Huku hatujambo, mama watoto amepata nafuu na anawasalimu nyote hapo Kilindoni, Mafia.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza. Uliposema usukani unagoma ukikata kulia, halafu unaachia ghafla, nikaona bora nikae niandike, maana mambo haya kwa simu tutaishia kupigiana kelele tu. Nakuomba usiwatoe watoto tena kwenda kuangalia papa potwe na boti hiyo mpaka tuutengeneze. Kebo inayounganisha usukani na mashine ya nyuma ikikatika ukiwa kwenye mwendo, mashine inajipinda inakotaka yenyewe na boti inazunguka papo hapo. Aliyekaa ukingoni anarushwa majini, na propela bado inafanya kazi. Na ile kamba nyekundu ya kuzimia mashine uifunge mkononi, isibaki kuning'inia kwenye swichi kama pambo.

Kabla hujatoa hela yoyote, hakikisha kwanza ubovu uko wapi. Fungua ile tairodi fupi inayounganisha ncha ya kebo na mkono wa mashine. Ikishaachia, shika mashine kwa mikono miwili uigeuze kulia na kushoto. Ikiwa nzito, basi grisi imekauka kwenye shingo ya mashine, na kebo mpya haitakusaidia kitu. Ikienda laini, njoo mbele uzungushe usukani peke yake. Ukiwa bado unagoma, kebo ndiyo mbovu. Kwa kuwa umesema ganda la nje la kebo limepasuka kule shetri, nyuma ya boti, na kutu inaonekana, mimi nimeshaamua moyoni kuwa ni kebo. Ila jaribu hata hivyo, ni kazi ya spana mbili tu.

Atatokea fundi wa kukwambia utoboe ganda umimine oili. Mkatalie kwa adabu. Kebo hii si kama ya breki ya baiskeli, inayovuta tu. Hii inavuta na kusukuma, waya wake mnene umekaa ndani ya ganda kwa kipimo, na ilitiwa mafuta yake kiwandani kisha ikazibwa. Maji ya chumvi yakishapenya, kutu inajaa ndani na waya unabana. Hapo hakuna ukarabati, ni kubadilisha nzima.

Ili nikununulie ya sawa, tafuta maandishi kwenye ganda, hasa upande wa mbele karibu na kasha la usukani. Kama ni ya kampuni ya Teleflex na namba inaanza na SSC62, tarakimu mbili za mwisho ndizo urefu kwa futi: SSC6214 ni futi 14. Ukiona boksi la kebo mpya limeandikwa SeaStar au Dometic, usidhani nimekuletea kitu kingine. Teleflex iliuza biashara yake ya vifaa vya boti mwaka 2011, ikaitwa SeaStar Solutions, na mwaka 2017 Dometic wakainunua. Maandishi yakiwa yamefutika, nitumie picha ya ile ncha inayoingia kwenye kasha la usukani, maana ncha hazifanani na haziingiliani. Nipimie pia ganda mwanzo hadi mwisho. Usikadirie kwa pima za mkono. Fupi itavutika kwenye kona, ndefu itakulazimu uikunje mahali, na kebo hizi hazitaki kona iliyobana: duara lake lisipungue sentimita 40 kutoka upande hadi upande.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wengi wanalirukia, na ndilo linaloua kebo nyingi. Ile fimbo ya chuma iliyo mwisho wa kebo inapita ndani ya bomba ambalo mashine yenyewe inainukia. Grisi ya zamani humo ndani inakauka inakuwa kama gundi, chumvi inaingia, bomba linashika kutu. Ukiitoa kebo kuukuu ukachomeka mpya humo humo, baada ya msimu utaniandikia tena.

Kuitoa kwenyewe kunaweza kukutoa jasho. Fungua nati kubwa inayoishika kebo kwenye bomba, pulizia mafuta ya kulegeza kutu pande zote mbili, uiache ilale hivyo hadi kesho yake. Halafu gonga ncha ya fimbo kwa mti mgumu, mkoko mkavu unafaa. Usigonge kwa nyundo ya chuma moja kwa moja: ncha itatanuka, nayo ikishatanuka haipiti tena bombani. Na asije mtu na jiko la gesi kupasha moto bomba wakati tangi la petroli liko hapo chini ya benchi.

Kabla hujaivuta kebo kutoka ubavuni, funga kamba imara kwenye ncha yake ya mbele. Kebo ikitokea shetri, kamba inabaki imepita njia ile ile, na ndiyo itakayoivuta mpya kurudi mbele. Bila kamba utakuwa umelala kifudifudi unapapasa kati ya nyaya na mpira wa mafuta, na kwa tumbo lako la siku hizi sikuoni ukitoka.

Bomba likiwa tupu, zungushia msasa laini kwenye kijiti, loweka kwenye mafuta ya taa, usugue ndani huku ukigeuza. Futa kwa kitambaa. Rudia mpaka kitambaa kitoke kisafi. Kipimo changu ni hiki: fimbo ya kebo mpya iingie kavu, bila grisi, kwa kusukumwa na vidole tu. Ikikwama mahali, bado hujamaliza. Ndipo upake grisi ya boti, ile isiyooshwa na maji, ndani ya bomba na kwenye fimbo. Kama bomba lako lina chuchu ya grisi, yaani kile kitundu cha kupigia grisi, kila utakapopiga grisi hakikisha kwanza umezungusha usukani hadi fimbo yote imerudi ndani ya bomba. Ukipiga ikiwa nje, grisi inajaa kwenye nafasi yake na usukani unakwama kabisa.

Kufunga hakuna maneno mengi. Nati za tairodi ziwe mpya, zenye nailoni ndani, usirudishe zile za zamani. Ile ya kiungio kinachocheza ikaze hadi ikae, kisha irudishe robo mzunguko. Halafu zungusha usukani kulia uangalie nyuma: propela nayo ielekee upande wa kulia wa boti. Ikienda kushoto, kebo imeingia upande usio wake kwenye kasha la usukani. Mwisho, inua mashine hadi juu kabisa, uzungushe usukani mwisho hadi mwisho, ukitazama kebo isibanwe wala kukunjwa popote. Boti nyingi zinapita jaribio hili mashine ikiwa chini na kufeli ikiinuliwa.

Nitumie namba wiki hii ninunue kebo na kuipeleka Nyamisati, ipande meli ya huko kwenu. Nitaifunga kwa mviringo mpana. Aende mtu wako kuipokea gatini, na umwambie mapema kwamba hairuhusiwi kukunjwa ili ienee kwenye bodaboda.

Wasalamu, wako,
Saidi