Programu ya kupanga kazi isiyoiona simu ya dharura

Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu wanaodhani mzigo wa wafanyakazi hupimwa kwa miradi peke yake. Ninasimamia kitengo cha teknolojia ambamo watu walewale wanaojenga mifumo mipya ndio wanaopokea simu za watumiaji waliokwama.

Majuzi muuzaji mmoja alikuja kutuonyesha programu ya kupanga nani afanye nini. Mistari ya rangi ilipendeza, akaivuta huku na huko kwa kipanya, wenzangu wakaridhika. Nikamwomba aingize kazi ya kuhudumia watumiaji. Programu ikadai tarehe ya mwisho. Akaandika 31 Desemba 2099.

Programu nyingi za aina hii zimejengwa juu ya chati yenye jina la mhandisi Mmarekani Henry Gantt: kila kazi ina siku ya kuanza na siku ya kwisha. Msaada hauna siku ya kwisha, na haupigi hodi. Ukiuficha, ratiba inaonekana safi huku watu wanaungua.

Mwanahisabati Mdenmark Agner Krarup Erlang alishughulikia suala la namna hii mwaka 1909, kwa ajili ya simu za Copenhagen. Hesabu za foleni zilizofuata hazina huruma. Mhudumu mmoja anayepokea kazi zisizo na ratiba wala urefu maalumu akijazwa asilimia 80 ya muda wake, kazi mpya kwa wastani husubiri mara 4 ya muda wa kuishughulikia. Asilimia 90, mara 9. Asilimia 95, mara 19! Halafu programu inampaka mtu rangi ya kijani kwa kuwa amejaa asilimia 100.

Mimi nataka programu inayoniruhusu kumtengea mtu, tuseme, saa 12 kati ya 40 za wiki kwa ajili ya msaada, kisha isome yenyewe tiketi zilizofungwa, yaani maombi ya msaada yaliyokwisha kushughulikiwa, na kunionyesha kama 12 zilitosha. Fomu za saa za kazi zinazojazwa Ijumaa jioni kwa kukumbuka ni hadithi tu.

Na majaribio yafanywe kwa kazi zetu halisi za mwezi uliopita, si kwa mfano wa muuzaji ambamo haugui mtu wala haizimi seva.

Msimamizi wa kitengo cha teknolojia